Kumpima kijana wa drafti ya AFL: tazama nini, puuza nini

Kila Novemba vilabu vya AFL, ligi kuu ya kandanda ya Australia (si soka: mpira wake ni wa umbo la yai, na huchezwa kwa miguu na kwa mikono), huchagua vijana wapya kwa zamu. Hiyo ndiyo drafti (si ile ya kete na vizibo vya soda). Kwa kawaida timu iliyoshika mkia hutangulia, na bingwa hungoja mwisho wa foleni. Usiku uleule mashabiki huanza kubishana kama kijana wao ni lulu au hasara, na wengi hubishana kwa kutegemea vitu viwili tu: klipu ya dakika 2 na nambari aliyochaguliwa.

Klipu imekwisha kuchujwa makosa yote. Nambari nayo inakuonyesha vilabu vilimfikiriaje siku ile, basi. James Hird alichukuliwa nambari 79 mwaka 1990, Dane Swan nambari 58 mwaka 2001, Lachie Neale nambari 58 mwaka 2011. Wote watatu walikuja kutwaa medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, inayotolewa kwa kura za waamuzi. Kwa hiyo mpime kijana kwa macho yako, na kwa utaratibu.

Tarehe ya kuzaliwa kwanza

Anayeruhusiwa kuingia drafti ni aliyetimiza miaka 18 kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Maana yake wa Januari na wa Desemba wanapimwa pamoja ilhali wamepishana karibu mwaka mzima. Katika umri huo mwaka mmoja unaweza kuwa kilo kadhaa za misuli na ni tofauti ya nani anaangushwa na nani anabaki wima. Wawili wakiwa na takwimu sawa, mwelekee yule mdogo. Na mwenye miaka 19 anayetamba dhidi ya wa miaka 17, mpunguzie alama kabla hujashangilia.

Urefu na kazi yake

Jiulize atacheza wapi, maana subira unayomdai inategemea hapo. Viungo na washambuliaji wafupi, wa sentimita 175 hadi 188 hivi, wanaweza kuingia kikosini ndani ya msimu wa kwanza au wa pili. Beki au mshambuliaji mrefu wa sentimita 194 kwenda juu mpe miaka 3 au 4. Raki, yule jitu anayeurukia mpira mwamuzi anapoanzisha mchezo, mara nyingi huchukua miaka 4 au 5, kwa sababu anapambana kifua kwa kifua na wanaume wa kilo 100 naye ameingia klabuni na kilo 85.

Jack Watts alikuwa nambari 1 ya mwaka 2008. Melbourne ilimwingiza uwanjani katikati ya mwaka 2009, akiwa bado anamalizia sekondari, mrefu na mwembamba, na akalemewa na mabeki watu wazima mbele ya umati. Lawama zilimwandama miaka mingi kwa jambo ambalo lilikuwa la mwili tu. Kinyume chake mtazame Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma kule Turkana kwa wazazi wa Sudan Kusini. Sydney ilimchukua nambari 44 mwaka 2013, akangoja hadi 2016 ndipo akacheza mechi yake ya kwanza, na mwaka 2021 akiwa Port Adelaide akaingia kikosi bora cha msimu cha ligi nzima kama beki. Shabiki aliyemfuta kichwani mwaka 2015 alikuwa na haraka isiyo na baraka.

Tazama mechi nzima, na kalamu mkononi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tafuta mechi mbili au tatu kamili, na angalau moja iwe ya mashindano ya taifa ya vijana chini ya miaka 18, ambako wazuri wa Victoria wanakutana na wazuri wa Australia Kusini na Magharibi. Ligi ya vijana ya mkoani ina mechi ambazo nusu ya wapinzani hawatafika popote. Chora karatasi yenye safu tano: mpira wa kugombea, mpira wa kupokea akiwa peke yake, pasi iliyofika, pasi iliyopotea, na alichofanya timu yake ilipopoteza mpira. Weka alama moja kwa kila tukio, robo kwa robo, usichanganye.

Safu ya tano ndiyo mashabiki wengi huisahau, na ndiyo makocha huanza nayo. Mpira ukipotea, hesabu sekunde 5. Je, anageuka na kukimbiza? Anasimama mikono kiunoni? Anamfuata mtu wake au anaufuata mpira kwa macho tu? Kijana anayekimbia kurudi robo ya nne, timu iko nyuma kwa pointi 50, ana kitu ambacho ni vigumu kumfundisha mtu.

Kisha mikono. Mpira huu ni wa umbo la yai na unadunda ovyo, kwa hiyo tazama anavyouokota ukiwa chini ya magoti. Mzuri anauzoa mara moja huku akikimbia. Anayeuparaza mara mbili ndipo aupate, akifika AFL atakuta ameshakabwa. Angalia pia pasi yake ya ngumi, yaani mpira ulioshikwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa ngumi ya mwingine: anaweza kupiga kwa ngumi yoyote, au anajizungusha kutafuta ya kulia?

Na mguu. Simamisha video pale anapouachia mpira. Mpigaji mzuri wa mguu wa kulia anaushusha kwa mkono wa kulia hadi karibu na paja, anauachia umenyooka, unasafiri nafasi ndogo tu kabla ya kukutana na sehemu ya kamba za kiatu, na ukiruka unajizungusha kurudi nyuma bila kuyumba. Ukiachiwa juu, usawa wa kifua, mwendo na upepo vinaugeuza kabla haujafika mguuni. Ukidondoka umelala upande, utapinda. Kwa hiyo ukiona mpira unayumbayumba hewani, usilaumu mguu. Rudisha video uutazame mkono. Kosa hilo linarekebishika likiwa dogo, lakini anayelirudia kila anapobanwa atabaki nalo muda mrefu. Hesabu vilevile mara alizolazimika kutumia mguu wa kushoto na zilizofika.

Takwimu: uliza zimetoka wapi

Pasi 30 katika mechi zinavutia masikio. Lakini kama 18 ni za ngumi alizopewa akiwa peke yake na kuzirudisha nyuma, mchezo haukusogea. Kiungo wa katikati ya msongamano mtafutie mipira ya kugombea, angalau 4 kati ya kila 10 anazopata, na mara alizoutoa mpira kwenye rundo. Usahihi wake wa pasi utakuwa mdogo kuliko wa beki wa pembeni, na ndivyo inavyopaswa: beki anapiga akiwa na nafasi, yeye anapiga akiwa amening'iniwa na watu wawili. Ukiwalinganisha hao kwa asilimia umemdhulumu mmoja.

Kiwango cha ligi kina uzito pia. Pasi 12 dhidi ya watu wazima katika ligi za majimbo, SANFL ya Adelaide au WAFL ya Perth, huweza kuwa na thamani kuliko 28 dhidi ya watoto wenzake.

Vipimo vya mwili

Kambi ya vipimo hufanyika Oktoba. Mita 20 kwa sekunde 2.9 ni kasi ya juu. Kilomita 2 kwa dakika 6 na sekunde 10 ni pumzi nzuri sana. Vitumie kuthibitisha ulichokiona, visikupe maoni mapya. Mbio zile ni za mstari mnyoofu, bila mpira na bila mtu mgongoni. Kama ana 2.9 lakini kwenye video anakamatwa na wa 3.1, tatizo ni maamuzi: anachelewa kuanza kukimbia.

Mambo mawili yanayopotosha nambari

Mtoto wa mchezaji wa zamani aliyechezea klabu mechi 100 au zaidi anaweza kwenda klabu hiyo, mradi ifikie dau la klabu nyingine iliyomtaka, kwa kutoa zamu zake za kuchagua. Nick Daicos alifika Collingwood hivyo mwaka 2021, nambari 4. Vijana wa akademia za vilabu huenda kwa njia inayofanana na hiyo. Nambari yao imepangwa na mpinzani, usiisome kama ya wengine.

Majeraha ndilo la pili. Goti lililochanika kano ya msalaba ya mbele (ACL) humweka nje miezi 9 hadi 12, na wengi hurudi. Mimi huogopa zaidi nyufa za mifupa ya mgongo na unyayo, kwa sababu hurudi mzigo wa mazoezi unapoongezeka, na mazoezi ya klabu ni mazito kuliko yote aliyowahi kufanya.

Msimu wa kwanza

Mfuate kwenye kikosi cha akiba kwa karatasi ileile, mechi 4 au 5, kila mara baada ya miezi miwili. Usihesabu magoli. Linganisha pasi zilizopotea robo ya kwanza na ya nne: zikianza kukaribiana, mwili umeshaanza kuhimili. Kama klabu imemhamisha nafasi, kwa mfano mshambuliaji kupelekwa nyuma, anza karatasi mpya. Ya zamani inampima mchezaji mwingine.