Handibreki haishiki? Kaza shuu kwanza, waya baadaye

Naandika hii mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Haipiti wiki bila mtu kulalamika kwamba yuko kwenye mteremko wa feri kule Likoni, Mombasa, kavuta handibreki hadi juu, na gari bado lataka kushuka.

Handibreki haitumii mafuta ya breki. Mkono wa handibreki unavuta waya, waya unavuta wenzo mdogo ulio ndani ya dramu ya nyuma (lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu), na wenzo huo unazitanua shuu, vile vipande viwili vilivyopinda ndani yake, zibane dramu. Somo hili ni la magari yenye dramu nyuma, kama Probox.

1. Egesha pahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma liwe nyutro, ama hayatazunguka.

2. Inua nyuma, weka stendi. Jeki si stendi.

3. Teremsha handibreki kabisa, kisha legeza nati ya waya pale kwenye mkono.

4. Hapa ndipo wengi huharibu. Shuu zikilika, mkono unapanda juu, na fundi wa haraka anakaza nati ya waya tu. Mkono unashuka, wewe unafurahi, unalipa. Lakini sasa wenzo ndani ya dramu umevutwa kabla hujagusa chochote, na ajasta, kile kifaa cha kusogeza shuu karibu na dramu kinachotakiwa kujikaza chenyewe, haifanyi kazi tena. Shuu zinaendelea kulika, pedali inazidi kuzama. Ukikaza zaidi, shuu zinakwaruza njia nzima, na ukifika Mtwapa dramu haishikiki kwa moto. Basi toa kizibo cha mpira nyuma ya gurudumu, ingiza bisibisi bapa, zungusha gurudumu la meno la ajasta mpaka tairi ligome. Rudisha meno machache mpaka lizunguke kwa mkono likikwaruza kidogo tu. Fanya pande zote mbili. Kama shuu zimekaribia chuma, acha kukaza, nunua mpya.

5. Kanyaga pedali mara kadhaa shuu zikae sawa, kisha rudia kuzungusha tairi.

6. Sasa ndio ukaze waya. Idadi ya meno ya mkono, ile milio unayoisikia ukiuvuta, imo kwenye kitabu cha gari. Magari mengi ni kati ya 5 na 9. Mkono ukiwa chini, matairi yazunguke huru. Kaza nati ya kufungia.

7. Jaribu kwenye mteremko usio na watu.

MASWALI

Kijana wa Bamburi: Sijasoma yote, niko mbioni. Nikaze nati mizunguko mingapi?

— Soma namba 4.

Kijana wa Bamburi: Si uniambie tu, bro.

— Nimekwambia.

Dada wa Mtongwe: Shikamoo fundi. Pedali ikizama ghafla barabarani, handibreki itanisimamisha?

— Marahaba dadangu, swali zuri. Itakusaidia, lakini usiivute kwa kishindo, nyuma itagoma na gari litazunguka. Shikilia kitufe kikiwa kimebonyezwa, vuta taratibu, usukani ukiwa umenyooka, huku ukishusha gia. Inabana nyuma tu, kwa hiyo utasimama mbali kuliko ulivyozoea.

Turnboi: Na lori? Kibarani nimeona trela limegoma katikati ya njia, hata halisukumiki.

— Hiyo ni breki ya upepo, kinyume cha hii. Kuna springi nzito inayobana breki wakati wote, na upepo ndio unaoirudisha. Upepo ukivuja, springi inabana yenyewe. Kwa hiyo dereva haangalii mafuta peke yake, geji ya upepo pia.

Mzee wa Nyali: Langu likilala wiki moja, asubuhi halitoki.

— Chumvi ya bahari, mzee wangu. Shuu zimeshikana na dramu kwa kutu. Lisogeze mbele na nyuma polepole. Likikataa, gonga dramu kwa nyundo ya mbao. Pahali tambarare liache kwenye P na mawe, mkono chini. Angalia pia mpira unaofunika waya: ukipasuka, maji yanaingia na waya unakwama ndani. Hapo badilisha, oili haitakusaidia.

Mgeni: Handibreki yangu ni ya umeme, ya kubonyeza kitufe. Naweza kurudisha pistoni ya breki kwa klampu nibadilishe pedi?

— Usithubutu. Utavunja mota. Irudishwe kwanza kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari.