Methotrexate ni mara moja tu kwa wiki

Wewe mwenye baridi yabisi uliyeandikiwa methotrexate, chagua siku moja ya wiki, kisha iandike kwa kalamu nzito juu ya boksi, kwa mfano: JUMAPILI TU. Dawa nyingi tumezoea kumeza kila siku, na hapo ndipo hatari ilipo. Hii ikimezwa kila siku hushusha chembe za damu, na inaweza kuua. Mweleze pia anayekusaidia nyumbani, maana asubuhi vidole vikikakamaa hata kufungua kizibo huwezi, na anayekutolea vidonge mara nyingi ni mtoto au dada.

Foliki asidi, ile vitamini inayoandikwa pamoja na methotrexate, nayo imeze kwa siku alizopanga daktari.

Jingine, na hili naomba mlishike kweli: ukienda duka la dawa kwa kikohozi au mkojo unaochoma, taja methotrexate kabla hujauziwa chochote. Septrin ni dawa ya kawaida mno kwetu, lakini zikikutana mwilini zinaweza kuuzuia uboho usitengeneze damu. Ukiona vidonda mdomoni, homa au michubuko isiyo na sababu, usimeze dozi nyingine; nenda hospitali siku hiyo hiyo.