Kupima unene wa misuli ya paja kwa altrasaundi bila kuikandamiza

Kuna mwenzangu wa fiziotherapia hapa Moshi niliyekuwa namwelekeza kupima mapaja ya vijana walioanguka na bodaboda. Kazungushia futi paja zima, kaona mguu unanenepa, kafurahi. Futi inapima mafuta na uvimbe pia. Tumia altrasaundi.

1. Mlaze chali, goti limenyooka, mguu umelegea. Asubiri dakika kumi hivi. Aliyetoka mazoezini misuli imejaa damu, itakudanganya.

2. Pima kutoka mfupa unaochomoza mbele ya nyonga hadi ukingo wa juu wa pia ya goti, weka alama katikati. Urefu ukiwa sm 44, alama ni sm 22. Wengine hushuka theluthi mbili. Sawa, mradi uandike kwenye faili na usibadilishe.

3. Probu, yaani kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi, iwe bapa. Ile ya tumbo naitoa tu paja likiwa kubwa mno.

4. Hapa ndipo penye kazi. Msuli ni laini, ukibonyeza unasinyaa kwenye skrini, na milimita ulizozibonyeza ndizo hizo unazozitafuta baada ya mwezi wa mazoezi. Mwaga jeli bila ubahili, mpaka uone utepe mweusi kati ya probu na ngozi. Utepe ukipotea, umekandamiza. Rektasi femorisi, msuli wa juu mbele ya paja, iliyozoea kuonekana kama yai ikilala bapa, umekandamiza. Egemeza kidole cha mwisho na kiganja pajani ili uzito wa mkono usiende kwenye probu. Kisha iinamishe kidogo huku na huku hadi upinde mweupe wa fupa la paja ung'ae kuliko wakati wote. Ukififia, umepima mshazari na unene umeongezeka bure. Jeli nayo: Juni na Julai huku ni baridi, mgonjwa akiguswa anakaza paja na msuli unavimba. Mimi chupa naiweka kwenye maji ya moto kwanza.

5. Gandisha picha. Pima kutoka chini ya utando mweupe wa juu hadi kwenye mfupa. Hapo umechukua rektasi femorisi na vastasi intamidiasi, msuli ulio chini yake juu ya mfupa, pamoja. Inua probu, rudia mara tatu, chukua wastani. Halafu mguu wa pili.

6. Ukitaka eneo, chora kwa ndani ya utando wa rektasi femorisi, mashine itakupa sentimita za mraba. Andika na kina cha picha ulichotumia, maana akirudi utakihitaji kilekile.