Kompyuta ya Mezani Ikikataa Kuwaka, Anza na Umeme

Kabla hujashika bisibisi, bonyeza kitufe cha kuwashia, kisha tulia utazame na kusikiliza. Je, ni kimya kabisa, hakuna taa wala feni? Feni zinazunguka lakini kioo ni cheusi? Au picha inatokea, ila Windows haifunguki? Hayo ni magonjwa matatu tofauti. Wengi hupoteza fedha kwa kununua RAM (kumbukumbu ya muda) mpya ilhali kilichokufa ni pawasaplai, yaani kisanduku ndani ya kasha kinachoilisha kompyuta umeme.

Kimya kabisa

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ikifanya kazi, Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla nchini Uganda) bado ina yuniti na soketi ni nzima. Sasa chukua waya wa umeme wa monita, ambao mara nyingi unafanana na wa kompyuta, uujaribu. Kompyuta ikiwaka, fungua plagi ya waya wa kwanza ubadilishe fyuzi, na uweke yenye ampea zilezile.

Tazama nyuma ya kasha. Pawasaplai nyingi zina swichi ya I na O, na huenda mtu aliigusa akifagia. Za zamani zina pia kiswichi chekundu cha 115 na 230. Umeme wa Uganda ni volti 240, kwa hiyo lazima kisome 230. Kompyuta ya mtumba kutoka Marekani yaweza kufika ikiwa kwenye 115, na ukiichomeka hivyo pawasaplai huungua papo hapo.

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinga ya pawasaplai huweza kujifunga. Chomoa waya ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, subiri dakika 5, kisha chomeka moja kwa moja ukutani bila UPS (betri ya akiba) wala stebilaiza. Kwa wanaotumia umeme wa jua: inveta za bei nafuu hutoa umeme usio laini, na baadhi ya pawasaplai huukataa kabisa. Ijaribu kompyuta kwenye umeme wa gridi kabla ya kuilaumu.

Bado kimya? Ipime pawasaplai yenyewe. Chomoa waya ukutani, vua kebo zake zote kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) na diski, kisha kwenye kiunganishi cha pini 24 unganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi kwa kipande cha waya au klipu ya karatasi. Chomeka umeme. Feni ikizunguka, ina uhai, lakini uhai si afya, kwa hiyo chukua maltimita, kipimo cha volti. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25, wa rangi ya chungwa 3.14 hadi 3.47. Nje ya hapo, inunuliwe nyingine. Kompyuta nyingi za ofisini za Dell na HP zina viunganishi vyao wenyewe, hivyo usizifanyie jaribio hili bila mchoro wa modeli husika. Na pawasaplai usiifungue kamwe: kapasita zake (vipande vinavyohifadhi umeme) hubaki na umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya kuichomoa.

Pawasaplai ikiwa ni nzima, rudisha kebo zake zote; huenda kitufe cha mbele ndicho kimekufa. Vua waya wake kwenye madabodi, na kwa ncha ya bisibisi gusanisha zile pini mbili kwa sekunde moja.

Feni zinazunguka, kioo cheusi

Kama kuna kadi ya picha, kebo ya monita iingie kwenye kadi hiyo, si kwenye madabodi. Hakikisha pia kiunganishi cha pini 4 au 8 karibu na prosesa kimekaa.

Baada ya hapo, mshukiwa mkuu ni RAM, hasa kwa kompyuta iliyosafiri kwa boda boda au inayokaa karibu na barabara ya murram. Vumbi jekundu na mtikisiko huharibu mguso. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha, toa vipande vyote vya RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli na upulize tundu zake. Rudisha kipande kimoja tu, ukibonyeze mpaka vibanio vilie. Jaribu kila kipande katika kila tundu. Ukisikia milio, ihesabu na uilinganishe na mwongozo wa modeli yako, kwa sababu kila mtengenezaji ana yake.

Kisha toa betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye madabodi, kwa dakika 5. Ikisoma chini ya volti 2.7, weka mpya. Kufanya hivyo hufuta mipangilio ya bayosi, programu ya madabodi inayoanza kabla ya Windows: kwenye Dell nyingi hali ya diski hurudi RAID, na Windows iliyowekwa kwa AHCI (hali nyingine ya kuwasiliana na diski) huonyesha kioo cha buluu. Ingia bayosi uirudishe AHCI.

Kapasita zilizovimba kwenye madabodi, au harufu ya kuungua baada ya radi, humaanisha fundi. Radi hupitia hata kebo ya mtandao, kwa hiyo mvua ikikaribia ichomoe nayo.

Picha ipo, Windows haipo

Toa flashi zote. Kaza kebo mbili za diski, kisha angalia kama bayosi inaitambua. Diski ikigongagonga, izime kompyuta mara moja na utafute kwanza mtu wa kunakili faili zako. Fundi akitaka kuifomati diski (kufuta kila kitu) kabla ya hapo, mkatalie.