Kupima kingamwili za kideri kwenye damu ya kuku (kipimo cha HI: kingamwili huzuia virusi visishikanishe chembe nyekundu)

Toa mililita 1 hadi 2 za damu kwenye mshipa wa bawa. Vuta polepole, ukivuta kwa pupa chembe hupasuka na seramu hutoka nyekundu. Laza mrija damu igande, kisha nyonya seramu. Damu nzima usiiweke friza.

Chukua sahani ya vishimo 96 vyenye kitako cha V. Tia maikrolita 25 za PBS (maji ya chumvi yaliyodhibitiwa asidi) kila kishimo, kisha 25 za seramu kwenye cha kwanza, uzimue nusu kwa nusu hadi mwisho wa safu. Ongeza kila kishimo maikrolita 25 za antijeni (virusi vya kideri vya kupimia) yenye HAU 4 (HAU ni kipimo cha nguvu ya virusi kushikanisha chembe), subiri dakika 30. Tia chembe nyekundu za kuku za asilimia 1, maikrolita 25 tena, subiri dakika 40.

Inamisha sahani. Chembe zikitiririka kama chozi, sawa na kishimo cha chembe na PBS tu, virusi vimezuiwa. Virusi vikizuiwa hadi seramu iliyozimuliwa mara 16 (1/16) au zaidi, ni chanya, ingawa kuku aliyechanjwa naye husoma hivyohivyo.

Wengi hukosea kwenye antijeni: ikiwa HAU 8 badala ya 4, majibu yote hushuka hatua moja ya uzimuaji, mfano 1/16 husomeka 1/8. Ipime upya kila siku ya kazi.