Somo: Suzuki SJ413 ya haibridi kwa mchanga wa Mambrui, injini nyuma, mota mbele

Kazi hii inataka Suzuki SJ413 ambayo chesisi yake haijaliwa na kutu, mashine ya kuchomelea, stendi nne za kuaminika, na fundi wa kukereza vyuma asiyekaa mbali. Gari likikamilika litapanda mchanga wa Mambrui, pwani ya Kenya, bila kuunguza klachi, na litazunguka Malindi mjini bila kuwasha injini.

SJ imechaguliwa kwa sababu moja kubwa: transfa yake (sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) imekaa peke yake, haikushikana na giaboksi, na propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inatoka kwa kufungua boliti tu. Injini haiguswi kabisa. Propela ya mbele inaondolewa kwenye transfa na kuunganishwa na mota ya umeme. Basi injini inasukuma ekseli ya nyuma, mota inavuta ya mbele, na kinachoziunganisha ni ardhi iliyo chini ya tairi.

Hesabu kabla ya spana

Tairi la 195/80R15 husafiri takriban mita 2.18 kwa mzunguko mmoja. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gurudumu linazunguka mara 459 kwa dakika. Difu ya SJ413 ni 3.73, yaani propela huzunguka mara 3.73 gurudumu likizunguka mara moja, kwa hiyo propela inazunguka mara 1,710. Mota ya kilowati 10, volti 72, huishia kama mizunguko 4,500. Ukiweka sproketi ya meno 16 kwenye mota na ya meno 40 kwenye shafti, uwiano ni 2.5, na ukifika 60 mota iko kwenye 4,280. Hapo ndipo mwisho wake.

Nguvu je? Mota ya Nm 60 ukizidisha kwa 2.5 na 3.73 inatoa Nm 560 kwenye ekseli, yaani kama niutoni 1,600 za kuvuta. Gari la kilo 1,200 lenye watu ndani, kwenye mchanga mlaini, linadai kama niutoni 2,900. Mota peke yake haitakutoa. Inabeba zaidi ya nusu ya mzigo, injini inabeba uliobaki, na ndiyo maana klachi inapumua.

Vitu vikuu

- Mota ya sumaku ya kudumu, kW 10, volti 72, yenye kihisi cha joto ndani
- Kontrola yake (kifaa kinachoendesha mota), inayostahimili angalau volti 90 na ampea 200 upande wa betri
- Seli 24 za LiFePO4 (aina ya lithiamu) za Ah 100, na BMS (kilinda betri) ya seli 24, ampea 200
- Kontakta (swichi kubwa inayowashwa kwa umeme) ya ampea 200, fyuzi ya DC ya ampea 250, rezista ya omu 100 wati 50
- Kebo ya shaba ya mm² 50, na lagi (vichwa vya kebo) zilizopakwa bati
- Shafti ya chuma ya mm 30, beringi mbili za UCP206, mnyororo wa 520 wenye oringi
- Kibadilishaji cha volti 72 kwenda 12, ampea 30, na chaja ya volti 87.6, ampea 15
- Pampu ya umeme ya ombwe kwa busta ya breki (inayolainisha pedali)

Hicho cha mwisho watu hukiruka kwa kuona ni anasa. Injini ikizimwa, busta inabaki na breki moja au mbili za kawaida, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Huendeshi kwa umeme mtupu bila pampu hiyo.

Hatua ya 1: shafti ya kati

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, kwa hiyo usiharakishe. Flanji ya mbele ya transfa iache mahali pake, maana ndiyo inayoshika sili ya mafuta. Ifunike kwa kifuniko cha bati, kwa kuwa itaendelea kuzunguka ukitia 4H au 4L (gia za magurudumu manne, ya juu na ya chini).

Kata bamba la mm 6, ulifunge kwa boliti kwenye memba ya chesisi. Usichomelee moja kwa moja kwenye chesisi ya gari lililokula chumvi ya pwani miaka thelathini, kwa sababu moto unafanya chuma chembamba kipasuke pembeni mwa mshono. Beringi mbili za UCP206 zikae umbali wa mm 200, shafti ipite katikati, na chaneli ya ufunguo iwe mm 8. Mkerezaji atengeneze flanji inayolingana na matundu ya propela yako. Mpelekee propela yenyewe, usimpe vipimo vya mdomo.

Sproketi mbili lazima zitazamane bila kupishana zaidi ya mm 1. Weka rula ndefu ya chuma juu ya nyuso zake uone mwanga unapopita. Mnyororo ulegee mm 10 katikati, si zaidi.

Sasa nyanyua chesisi kwa jeki mpaka ekseli ya mbele ining'inie, upime sehemu ya propela inayoteleza. Kisha ishushe hadi springi zibanwe, upime tena. Ikiwa propela inafika mwisho upande wowote, ifupishe au uirefushe leo. Propela inayogonga mwisho huvunja beringi ya shafti, na fundi hubaki akiilaumu beringi.

Mwisho, funika mnyororo wote kwa sanduku la bati la mm 1.5 lenye tundu dogo chini la kutolea maji. Mchanga wa bahari ni msasa. Mnyororo ulio wazi Mambrui hauchukui muda kulegea na kuruka meno. Uoshe kwa mafuta ya taa, usiuoshe kwa petroli kwa sababu petroli inaharibu oringi, kisha uupake oili ya gia.

Hatua ya 2: betri

Sanduku likae ndani nyuma ya viti vya mbele, mbali na tangi la mafuta, likifungwa kwa boliti za M10 zinazopita sakafu hadi bamba la chini. Seli zibanwe kati ya mbao mbili za plaiwudi au bamba, ziguse bila kuminywa.

Seli 24 zikijaa ni volti 87.6. Hiyo inaua, na cheche yake ya DC haizimiki yenyewe kama ya umeme wa nyumbani. Vua pete na saa, funga spana zako kwa tepu hadi ibaki ncha tu. Nati za seli ni M6 kwenye alumini laini: Nm 4 hadi 6, kwa spana ya kipimo. Nyuzi zikichunika, seli imekwenda.

Kusawazisha: usianze kwa kuziunganisha zote sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) na chaja ndogo ya ampea 10. Seli 24 za Ah 100 ni Ah 2,400, na hata zikiwa nusu utangoja siku tano. Zifunge kwanza kwa mfululizo pamoja na BMS, chaji mpaka seli ya kwanza ifike volti 3.65 na BMS ikate. Ndipo uzifungue, uziweke sambamba, na umalizie kwa volti 3.65 hadi ampea ishuke karibu na sifuri.

Hasi ya betri hii isiguse bodi. Pima kati ya kila nguzo na chesisi. Ukiona volti inayosimama imara, kuna mahali waya umechubuka.

Hatua ya 3: umeme mkubwa

Fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri, kisha kontakta, kisha kontrola. Rezista ya omu 100 inapita kando ya kontakta: ufunguo ukiwashwa, umeme unapita kwenye rezista sekunde tatu au nne ukijaza kapasita za kontrola, ndipo kontakta ifunge. Ukiiruka, kapasita tupu zinavuta umeme kwa kishindo, cheche inachomelea vidole vya kontakta, na siku unapozima ufunguo gari halizimi.

Kila lagi ibanwe kwa mashine ya haidroliki, ifunikwe mpira wa joto wenye gundi, ipakwe grisi. Hewa ya pwani inaingia kwenye waya na kupanda juu chini ya ganda, na kwa nje huoni kitu. Kontrola ifungwe kwenye bamba la alumini la mm 10 lenye feni. Kibadilishaji cha volti 12 na chaja ni kazi ya alasiri moja, fuata michoro yake.

Hatua ya 4: kuitiisha mota

Weka kontrola kwenye hali ya nguvu, isiwe hali ya mwendo. Kwenye hali ya mwendo mota hung'ang'ania kasi yake na kupigana na injini. Kwenye hali ya nguvu inavuta tu na kufuata gari. Aksileta ya mota ivutwe na kebo ileile ya pedali, ukiongeza kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi cha kupunguza nguvu. Nguvu ipande taratibu kwa nusu sekunde hadi sekunde moja, ama tairi za mbele zitajichimbia kaburi.

Swichi tatu hazina mjadala. Swichi ya taa ya breki ikate mota. Swichi ya taa ya rivasi igeuze mota, la sivyo utatia rivasi ili ujinasue, injini ivute nyuma na mota ivute mbele, na mnyororo ndio utakaoamua nani ameshinda. Ya tatu ni swichi kubwa nyekundu ya dharura, mahali mkono wa dereva unafika akiwa amefunga mkanda.

Joto la mota: ipunguze kuanzia nyuzi 100 na ikate kwenye 120, au kama karatasi ya mota inavyosema. Kwenye mchanga inazunguka polepole ikiwa na mzigo mkubwa, kwa hiyo feni yake ya shafti haipulizi kitu.

Hatua ya 5: majaribio

Gari likiwa juu ya stendi nne, washa mota kwa nguvu ndogo. Magurudumu yakienda nyuma, geuza mwelekeo kwenye kontrola. Kisha nenda barabara ngumu, 30 kwa saa, dakika kumi, simama uguse kila lagi baada ya kukata umeme. Iliyo ya moto kuliko jirani zake haikubanwa vizuri. Mchangani nenda mwisho, tairi ukiwa umezishusha hadi psi 15 au 18. Na ufukweni usipite juu ya mstari wa maji kujaa: kasa hutaga hapo.

Maswali ya wanachama

*Mambrui: Fundi, nikisahau kufungua habu za mbele nikaingia lami ya kwenda Malindi itakuwaje?*

Habu zikiwa zimefungwa, magurudumu ya mbele yanazungusha ekseli na mota; zikifunguliwa, yanazunguka peke yake. Kwenye 100 kwa saa mota inazungushwa mara 7,100, na inageuka jenereta ya volti zaidi ya 110. Kontrola ya volti 90 haiponi, na kuzima ufunguo hakukusaidii kwa sababu umeme unatoka kwenye mota yenyewe. Weka kengele inayolia mota ikifika 3,900, karibu na 55 kwa saa. Ama tumia sproketi ya meno 32: utafika 75 kwa saa, lakini unapoteza sehemu moja ya tano ya mvuto.

*Gongoni: Kaka, betri za asidi sita si zitatosha? Zinapatikana kila duka.*

Sita za Ah 100 zinakaribia kilo 180, seli za lithiamu ni kama kilo 50. Tena ukizivuta ampea 150 hupati hata nusu ya kilichoandikwa. Utakuwa umebebesha gari mzigo wa watu wawili ili likusaidie kubeba mzigo.

*Watamu: Petroli itapungua kwa kiasi gani?*

Inategemea unachaji wapi. Ukichaji ukutani, una kama kWh 6 za kutumia, yaani kilomita 35 hadi 40 kwenye barabara ngumu kwa mwendo wa 30. Kwenye mchanga mlaini, mota ikisaidiana na injini, ni kama kilomita 11. Chaja ya ampea 15 inajaza kwa saa sita hivi. Unaweza pia kuchaji ukienda, habu zikiwa zimefungwa na kontrola ikirudisha ampea 20, lakini umeme huo umeununua kwa petroli, na kwa hasara.

*Malindi mjini: Kwa nini usiweke mota kati ya giaboksi na transfa? Ungepata magurudumu manne na gia ya chini.*

Hoja nzuri, na kwa hesabu ya mwendo ni bora: kwenye 100 kwa saa shafti ile inazunguka mara 4,000 tu. Tatizo ni kwamba nguvu yote ya injini inapita hapo. Gia ya kwanza ya SJ413 ni 3.65, kwa hiyo Nm 100 za injini zinakuwa Nm 365, na mota ya aina hii yenye shafti ya mm 28 haikuundwa kubeba hivyo. Tena ikivunjika hapo umekosa yote mawili. Kwa mpango wetu, umeme ukifa Marafa unarudi kwa injini.

*Mokowe: Nina pikapu ya dizeli ya tani mbili, somo hili linafaa?*

Kwa mota hii, hapana. Mchangani inadai karibu niutoni 4,900, utapata theluthi tu. Tafuta mota ya kW 25 kwenda juu, na volti nyingine kabisa.

*Kakuyuni: Nikitia 4L sasa inakuwaje?*

Unapata gia ya chini, lakini nguvu yote inakwenda ekseli ya nyuma, ambayo zamani ilisaidiwa na ya mbele. Usiachie klachi kwa ghafla tairi ya nyuma ikiwa imenasa kwenye mwamba, shafti ya ekseli itakatika. Mota ianze kuvuta kwanza, klachi ifuate.

*Malindi mjini: Na karatasi?*

Mabadiliko ya gari yanaandikishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, na gari linakaguliwa. Waambie bima pia kwa maandishi, kabla gari halijatoka uani. Nenda na picha za sanduku la betri, fyuzi na swichi nyekundu, na uzito mpya uliopimwa kwenye mizani.