Namna ya kuandika wasifu wa Jenerali Benjamin Butler

Kwanza hakikisha umemshika Butler anayetakiwa. Katika Bunge la 45 la Marekani, lililoanza 1877, walikuwamo Butler wawili, wote majenerali wa zamani na wote mawakili. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, Benjamin Franklin Butler wa Massachusetts alipigana upande wa Kaskazini; bungeni alikaa Baraza la Wawakilishi. Matthew Calbraith Butler wa South Carolina alipigana upande wa Kusini na alikaa Seneti. Ukikuta hati inasema "Jenerali Butler" tu, tazama jimbo na baraza kabla ya kunukuu. Kuna na Butler wa tatu, Andrew, kaka yake Benjamin, aliyefanya biashara New Orleans wakati mdogo wake akiwa mtawala wa kijeshi wa mji. Tuhuma nyingi za ulanguzi wa pale zilimhusu Andrew. Ukizibandika zote kwa jenerali, umekosea. Ukizifuta zote, umekosea vilevile, maana alikuwa akifanya biashara chini ya kivuli cha mdogo wake.

Kisha andika tarehe kwenye karatasi moja, uiweke pembeni muda wote wa kazi. Alizaliwa Deerfield, New Hampshire, 5 Novemba 1818. Alianza uwakili Massachusetts 1840. Alipewa cheo cha meja jenerali wa jeshi la kujitolea 16 Mei 1861. Alitawala New Orleans kuanzia Mei hadi Desemba 1862, akaondolewa kwenye kamandi Januari 1865. Alikuwa mbunge 1867 hadi 1875, akarudi 1877 hadi 1879. Alikuwa gavana wa Massachusetts mwaka mmoja tu, Januari 1883 hadi Januari 1884. Aligombea urais 1884, akafariki Washington 11 Januari 1893.

Cheo nacho kina mtego. Kabla ya vita Butler alikuwa brigedia jenerali wa wanamgambo wa Massachusetts, cheo cha jimbo ambacho hakimfanyi mtu kuwa askari wa kazi. Ile tarehe ya Mei 1861 ni jambo jingine: kwa kuwa alipandishwa mapema, alikuwa mkubwa kwa utumishi kuliko karibu majenerali wote wa kujitolea. Ndiyo maana hata 1864, baada ya kuvurunda vitani, haikuwa rahisi kumsukuma kando. Usipoeleza hili, msomaji atajiuliza kwa nini Jenerali Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, alimvumilia.

Sasa gawa nafasi. Kwa wasifu wa maneno 1,500, utoto na Lowell, mji wa viwanda wa Massachusetts alikokulia, wape 200, ngome ya Fort Monroe 450, New Orleans 350, vita vyenyewe 150 na siasa 350. Mgawo huu una sababu: Butler alishindwa katika karibu kila pambano la maana aliloliongoza, lakini hoja zake za kisheria ziliacha alama. Anayempimia kwa ramani za vita atatoka na jenerali mbovu na hadithi isiyo na faida.

Lowell ina mlango wake kwa msomaji wa pwani yetu. Mama yake, Charlotte, alikuwa mjane aliyeendesha nyumba ya kulaza na kulisha wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya mji huo. Viwanda vya Massachusetts ndivyo vilivyofuma kitambaa kile kisichopaushwa ambacho wafanyabiashara wa Salem walikileta Unguja, kikaitwa merikani. Vita vilipozuka 1861, pamba ya Kusini ikakatika na merikani ikaadimika sokoni Unguja. Sentensi mbili za namna hiyo zinatosha. Usiende mbali ukaandika kwamba Butler alifanya biashara na Unguja. Yeye alijenga jina kwa kuwatetea wafanyakazi mahakamani na kudai siku ya kazi ya saa kumi.

Usiruke mwaka 1860, hata kama unakuharibia picha. Katika mkutano wa chama cha Democratic huko Charleston, Butler alimpigia kura Jefferson Davis mara 57 awe mgombea urais. Huyu ni Davis yuleyule aliyekuja kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga, na ambaye Desemba 1862 alitangaza kwamba Butler akikamatwa anyongwe.

Fort Monroe, Virginia, ndipo pa kukaa. Usiku wa 23 Mei 1861 watu watatu waliokuwa watumwa, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walitoroka kwa mashua wakafika ngomeni. Walikuwa wakifanyishwa kazi ya kujenga ngome ya mizinga ya Kusini. Waandike kwa majina; bila uamuzi wao Butler asingekuwa na kesi ya kuamua. Kesho yake Meja John Cary akaja chini ya bendera nyeupe kwa niaba ya bwana wao, Kanali Charles Mallory, akadai warudishwe kwa sheria ya 1850 ya watumwa waliotoroka. Jibu la Butler lipange kwa hatua, kama alivyolipanga yeye. Virginia imejitangaza kuwa nchi ya kigeni. Sheria ile haizifungi nchi za kigeni. Watu hawa walikuwa wakitumika kwa kazi ya vita dhidi ya Marekani. Katika vita, mali ya adui inayomsaidia kupigana hutekwa na hairudishwi. Halafu akafunga mlango: Kanali Mallory akija mwenyewe kuapa utii kwa Marekani, atarudishiwa watu wake.

Hapa ndipo wafasiri wengi wanapoteleza. Kamusi itakupa neno "magendo" kwa istilahi ya Kiingereza waliyopewa watu hao, "contraband". Liache. Magendo ni bidhaa inayopitishwa kwa kificho kukwepa ushuru au marufuku, na hapa hakuna kilichopitishwa kwa kificho. "Mateka" nalo halifai, kwa sababu walikuja kwa hiari yao. "Nyara" linakaribia, ila linaleta picha ya askari wanaogawana vitu. Andika "mali ya vita inayotekwa" mara ya kwanza, ueleze, kisha uwaite "wakimbizi wa Fort Monroe". Na useme waziwazi kwamba hoja hii haikuwapa uhuru: ili wasirudishwe, ilibidi kwanza wahesabiwe kuwa mali. Ukiandika "Butler aliwakomboa watumwa" umempa kazi ya tangazo la Rais Lincoln la 1 Januari 1863 la kuwapa watumwa uhuru, na umekosa kuonyesha ujanja na kasoro ya hoja kwa pamoja.

Tumia hesabu yake mwenyewe kuonyesha jambo lilivyokua. Katika barua ya 30 Julai 1861 kwa waziri wa vita, alitaja watu 900: wanaume 300 wenye nguvu, 30 waliopita umri wa kazi nzito, wanawake 175, watoto 225 wa chini ya miaka 10, na 170 wa kati ya miaka 10 na 18. Jumlisha mwenyewe, inalingana. Kisha taja sheria ya Bunge ya 6 Agosti 1861, iliyoruhusu kutwaa watumwa waliotumikishwa katika kazi za vita vya Kusini.

Mazungumzo ya Butler na Cary yanapendeza sana katika kitabu cha maisha yake cha 1892. Yasome, lakini usiyanukuu kana kwamba kulikuwa na karani pembeni: yameandikwa miaka zaidi ya 30 baadaye, na mtu anayejisifu. Kwa ya siku ile, fuata ripoti na barua katika mkusanyo rasmi wa wizara ya vita, *The War of the Rebellion*, uliochapwa 1880 hadi 1901 katika vitabu 128. Mfululizo wa I, juzuu la 2 lina Virginia ya mwanzo wa vita. La 15 lina New Orleans. La 36 lina kampeni ya Mei 1864. La 42 lina safari ya kwanza ya kuishambulia Fort Fisher, ngome ya Kusini huko North Carolina. Juzuu zilizogawanywa zina kurasa zinazoanza upya kila sehemu, hivyo rejea bila namba ya sehemu ni bure. Karatasi zake binafsi ziko Maktaba ya Bunge, Washington.

New Orleans inahitaji mkono mzito kidogo. Amri Na. 28 ya 15 Mei 1862 ilisema mwanamke atakayemtukana askari kwa neno au ishara atachukuliwa kama kahaba aliye kazini. Ifasiri yote, usiilainishe. Kusini na London waliisoma kama ruhusa ya kuwadhulumu wanawake. Butler alijitetea kwamba ilikuwa kanuni ya polisi tu. Weka zote mbili. Weka pia William Mumford, aliyenyongwa 7 Juni 1862 kwa kuishusha bendera ya Marekani, na vikosi vya askari weusi vilivyoapishwa kuanzia Septemba mwaka huo. Usafi na karantini vinastahili sentensi moja. Vijiko vya fedha anavyodaiwa kuiba havikuthibitishwa; viite tuhuma.

Vita vyenyewe vipite haraka: kushindwa Big Bethel Juni 1861, kuzibiwa Bermuda Hundred, Virginia, Mei 1864 kama ndani ya chupa yenye kizibo, na Fort Fisher Desemba 1864, ambako meli iliyojazwa baruti ililipuliwa bila kuitikisa ngome. Ngome hiyo ilitekwa na Jenerali Terry wa Kaskazini 15 Januari 1865, siku chache baada ya Butler kuondolewa.

Katika siasa, kosa la kawaida ni kuandika kwamba Butler "alimwondoa" Rais Andrew Johnson. Baraza la Wawakilishi lilimshtaki, Butler akafungua kesi mbele ya Seneti 30 Machi 1868, na kura zikawa 35 dhidi ya 19. Theluthi mbili ya 54 ni 36. Johnson akabaki madarakani.

Vyama usivipange kwa jedwali la leo. Butler alikuwa Democratic, akawa Republican mkali aliyeandika rasimu ya kwanza ya sheria ya 1871 dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la siri la weupe lililowashambulia weusi, akashinda ugavana kwa kura za Democratic 1882, kisha akagombea urais 1884 kwa tiketi ya chama cha Greenback na kupata kura kama 175,000. Mbele ya kila chama andika mwaka.

Mwisho tafuta kesi ya Milligan ya 1866 katika Mahakama Kuu ya Marekani, inayosahaulika mara nyingi. Swali lilikuwa kama mahakama ya kijeshi inaweza kumhukumu raia pale ambapo mahakama za kiraia ziko wazi. Butler alisimama upande wa serikali na akashindwa. Upande wa pili alikuwapo James Garfield, naye jenerali, naye mwanasiasa, na kwa mara yake ya kwanza wakili mbele ya Mahakama Kuu.